Zile Betri Tano za Mama Akinyi

Nyaramba, Jumapili jioni

Kerubo, mama yangu,

Umeenda kumuaga shangazi yako na naona mvua imekukamata hukohuko, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika kabla hujarudi. Nimekaa hapa dukani, kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa waya. Chaja inanguruma nyuma yangu. Mgongo unaniuma kama kawaida yake, na macho nayo yamechoka, basi ukiona mistari imepinda usinicheke.

Sitaandika habari za sufuria, neti na dawa za malaria. Hayo mama yako ameyamaliza. Amekufungia hata chumvi, kana kwamba huko ziwani watu hula mchuzi wa maji matupu. Wala sitakufundisha jinsi ya kutunza betri. Wewe umekaa chuoni miaka miwili, na kuna siku ulinisahihisha mbele ya wateja wangu nikanuna mpaka jioni, halafu nikaenda kuangalia mwenyewe nikakuta ulikuwa na haki. Ninayo habari moja tu ambayo haimo katika vitabu vyako. Nimeibeba miaka sita, nami nimechoka kuibeba. Inamhusu Mama Akinyi, huyohuyo unayeenda kumfanyia kazi kesho.

Utashangaa nimeandika kwa Kiswahili, maana sisi nyumbani ni Kikisii toka asubuhi mpaka tulale. Sababu ni kwamba kwa Kikisii najua kulizunguka jambo mpaka msikilizaji asahau tulianzia wapi. Kiswahili changu ni cha shule, hakina kona nyingi za kujificha. Na kukuambia kwa mdomo nilishindwa. Una jina la mama yangu na una macho yake. Tangu uzaliwe nakuita mama, na si rahisi mtu kukiri kosa mbele ya mama yake, hata awe na mvi.

Ulikuwa kidato cha pili mwaka huo. Mama Akinyi tulikuwa tunamjua sote hapa Nyaramba, kwa sababu siku za soko alikuwa analeta omena, wale dagaa wa ziwani, na kurudi na ndizi. Alikuwa na boti mbili. Unajua omena huvuliwa kwa mwanga, na taa zake alikuwa ameshaziondoa kwenye mafuta akaziweka kwenye betri, betri nne kila boti. Sasa Aprili ikifika ziwa linafungwa miezi minne ili samaki wazaane. Boti zinavutwa nchi kavu, nyavu zinakunjwa, na betri hazina kazi. Mwaka huo maji ya ziwa yalikuwa yamepanda yakaingia mpaka stoo yake, na bichi yao, pale boti zinapotua, haikuwa na stima ya kuchajia. Akazipakia zote nane kwenye pikapu ya omena, akazifunika na magunia, akaniletea.

Nakumbuka alivyosimama hapo mlangoni, mikono kiunoni. "Fundi," akasema, "hizi ni watoto wangu nane. Wewe umekula omena yangu, hujawahi lala njaa. Hata hizi zisilale njaa kwako."

Nami nikajibu kwa majivuno, kwa sababu soko lilikuwa limejaa na watu walikuwa wanasikiliza. "Usijali, mama. Hapa kwetu ni baridi. Betri ni kama maziwa, baridi inaitunza."

Watu wakacheka, naye akacheka. Neno hilo lilinipendeza mpaka nikalirudia wiki nzima. Na si uongo, wewe unajua. Ni nusu ya ukweli. Betri iliyoshiba umeme ukiiweka mahali pa baridi hutulia, inapoteza nguvu kidogo kidogo tu. Lakini betri yenye njaa itakufa hata ukiilaza kwenye barafu. Pleti zake zinaota unga mweupe, na unga ule ukikaa unakuwa jiwe. Hizi nane zilikuwa zimetoka kazini moja kwa moja, zimenyonywa mpaka usiku wa mwisho wa uvuvi. Zilihitaji kuchajiwa wiki ileile, halafu kukumbukwa kila mwezi. Hayo yote niliyajua. Nisingekuwa najua, leo nisingekuwa na kitu cha kukuandikia.

Wiki ya kwanza nilichaji tatu, nikazijaza vizuri. Tano zilizobaki nikazipanga chini ya rafu ya nyuma, nikasema wiki ijayo.

Wiki hiyo chai ikafurika. Unaijua Aprili yetu na Mei, mvua inanyesha mchana na majani yanakuita asubuhi. Mama yako alikuwa anaugua goti lile, kwa hiyo kikapu kilikuwa mgongoni mwangu. Nilikuwa nachuma toka alfajiri, napanga foleni kwenye kituo cha chai mpaka lori ifike, halafu nakuja dukani nikiwa nimelowa, nakaa kwenye kiti hiki na usingizi unanichukua. Nilikuwa nimechoka kwelikweli, Kerubo. Sisingizii.

Halafu stima ikapotea siku nyingi, transfoma ilikuwa imeungua. Ilirudi Ijumaa moja, jua linazama. Nilikuwa hapa dukani nikifunga. Balbu ikawaka, nikazitazama zile tano chini ya rafu. Kuunganisha waya ni kazi ya dakika chache tu. Nikajiambia, Sabato imeingia. Nikazima, nikafunga kufuli, nikaenda nyumbani kuimba pamoja nanyi. Nilijiona mtu mwema sana jioni ile. Lakini mwaka huohuo ng'ombe wetu alizaa siku ya Sabato, ndama akakwama, na hukuniona nikitafuta aya. Nilivua koti la kanisani nikamvuta. Kwa hiyo haikuwa Sabato. Ulikuwa uchovu, nami nikauvisha nguo za kanisani ili nisiutambue.

Jumapili nikaenda kuchuma chai. Jumatatu kukawa na msiba kwa jirani. Baada ya hapo kila nilipoziona nilikuwa naangalia pembeni. Ng'ombe usipomlisha atalia mpaka majirani waje kuuliza kuna nini. Betri hainung'uniki. Inakufa kimya chini ya rafu, na wewe unapita ukilitazama vumbi lake.

Mwisho wa Julai Mama Akinyi akapiga simu kwamba ziwa linafunguliwa na pikapu inakuja Alhamisi. Nikazitoa. Zile tatu zilikuwa nzima. Zile tano nilipofungua vifuniko, pleti zilikuwa nyeupe kama zimepakwa majivu. Nikaziweka kwenye chaja, zikapata joto na kuchemka haraka kabla hazijashiba chochote. Nikachukua kile kipimo changu cha kioo chenye mpira juu, nikafyonza asidi ya kila tundu. Kielea kilizama chini kabisa, dalili ya betri tupu, tundu baada ya tundu.

Hapo ndipo ningepiga simu. Ningesema, mama, nimekuharibia tano. Angenitukana, na angekuwa na haki, halafu angetafuta nyingine kabla boti hazijaingia majini. Badala yake nikachukua dumu la asidi, nikafanya kile ambacho kila mchaji betri anakijua na hakuna anayekisema. Nikafyonza maji kidogo kila tundu, nikaongeza asidi mpya. Nikapima tena. Kielea kikapanda juu vizuri, kama betri iliyoshiba. Hakuna nguvu iliyoongezeka humo ndani, ila ukali tu wa asidi. Mama yako alipita akaniuliza, "Zimepona?" Nikamwambia zimepona. Nikazisugua kwa maji moto na magadi, nikapaka grisi kwenye vichwa. Ukizitazama zote nane zilikuwa zinang'aa, na hungejua ipi ni ipi.

Usiku wa kwanza wa uvuvi zile tano zilizimika katikati ya ziwa. Wavuvi wakakaa gizani wakipiga kelele ili boti nyingine zisiwagonge, wakarudi asubuhi bila omena ya kujaza hata ndoo. Wote walirudi salama, na hilo namshukuru Mungu kila siku.

Sasa nikuambie habari za Ouma, maana yeye ndiye kisa chenyewe. Ouma alikuwa mtunza taa wa Mama Akinyi. Mtu mzima, ana familia, alizitunza taa zake tangu zile za mafuta ya kupampu. Betri zilipotoka kwangu ndiye aliyezipokea na kuzilinda stoo, maji yakiwa yameshatoka, siku mbili mpaka ziwa likafunguliwa. Kama zote nane zingekufa, Mama Akinyi angeniuliza mimi. Lakini tatu zilikuwa nzima, na hizo tatu ndizo zilizomponza Ouma. Watu wa bichi wakasema amebadilisha tano, ameuza nzima akarudisha kuukuu.

Mama Akinyi akanipigia. Nilikuwa nimeketi, nimekunywa chai, chai ya shambani imepungua kwa baridi ya Julai, mwili umepata nafuu. Akaniuliza, "Fundi, niambie tu ukweli. Hizo betri zilitoka kwako zikiwa sawa?"

Nikasema, "Zilitoka hapa zikiwa moto, mama. Zote nane nilipima."

Na ni kweli nilipima.

Akashusha pumzi. "Basi ni Ouma," akasema. "Na vile nilimwamini."

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Simu ilikuwa bado sikioni. Nikasema pole.

Betri niliziua kwa uchovu, na uchovu kila mtu anaujua, husameheka. Lakini Ouma nilimuuza kwa mdomo wangu, nikiwa nimepumzika. Nimejaribu miaka sita kuyachanganya mambo hayo mawili yawe moja, nijiambie nilikuwa mtu aliyechoka, basi. Hayachanganyiki.

Akafukuzwa. Nilisikia kwa wauza omena kwamba anabeba mchanga, na kwamba mke wake alirudi kwao kwa muda kwa sababu ya maneno ya watu. Halafu siku moja ya soko, hapa hapa Nyaramba, nikamwona anakuja dukani na mkungu wa ndizi begani. Niliyatafutia macho yangu mahali pa kuyaweka, nikakosa. Akatua ndizi, akanisalimia kwa heshima kabisa.

"Mzee, mimi sikuja na ubaya," akasema. "Wewe ndio unajua betri. Nilikuwa tu nataka uniambie, mimi nilikosea wapi?"

Hakuja kunishtaki. Hakunishuku hata kidogo. Alikuwa ameanza kuamini mwenyewe kwamba kuna kitu alifanya. Nami nikamwambia, "Labda uliziwasha muda mrefu kabla ya kuingia ziwani." Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Akasema asante. Akabeba ndizi zake akaenda. Katika maisha yangu nimefanya mambo mengi ya aibu, mengine mama yako anayajua na hukosi kuyasikia akikasirika, lakini hakuna linalonirudia kama ile asante.

Mwaka uliofuata betri zikaja tena, na mwaka uliofuata huo. Ukawa unaniona jinsi ninavyozitunza. Nazichaji zote kabla ya kufanya jambo lingine lolote, nazivua waya, nazilaza juu ya mbao, natia maji ya betri na si ya mvua, na kila wiki ya tatu nazirudisha kwenye chaja hata kama chai inaoza shambani. Ukajifunza kwa kunitazama. Mwalimu wako wa chuo alikusifu, ukaja ukaniambia, "Baba, ni wewe ulinifundisha kuwa makini." Sikukujibu, ukadhani ni unyenyekevu. Umakini wangu wote ulikuwa woga, mama. Nilikuwa napaka grisi juu ya jina la mtu.

Tangu umalize chuo ni miaka miwili. Nimekuona ukituma barua za kazi, ukirudi na kikapu cha chai, ukicheka na wenzako kumbe umevunjika moyo. Halafu mwezi uliopita Mama Akinyi akaja. Boti zake sasa ni sita, amejenga stoo juu ya kilima mbali na maji, ameweka sola. Anataka mtu wa kukaa na betri miezi hii ambayo ziwa limefungwa, na kuendelea likifunguliwa. Akaniambia, "Nipe mtoto wako, fundi. Mkono wako nauamini." Wewe ukaruka, mama yako akapiga vigelegele, jirani akaja kuuliza nani ameoa. Mimi nilienda nyuma ya duka nikakaa kwenye dumu.

Kwa sababu hiyo kazi ni ya Ouma. Funguo unayoenda kupewa ingekuwa mfukoni mwake.

Jumanne nilimwambia mama yako yote. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Baba Kerubo, umenyamaza miaka sita. Sasa umeona siku ya kusema ni hii? Mwache mtoto aingie kazini. Azoee. Utasema mwaka ujao." Usimkasirikie. Anakutakia mema, na yeye ndiye aliyekuwa akikusikia ukilia jikoni. Nami nilitaka sana kukubali. Lakini nililijua hilo neno, mwaka ujao. Ni ndugu ya wiki ijayo. Nikinyamaza tena, utakapokuwa umezoea nitasema umepandishwa, utakapopandishwa nitasema umeolewa huko. Na siku ikifika ya kujulikana, maana njia ya mwongo ni fupi hata kama yangu imerefuka miaka sita, watasema baba alimwondoa Ouma ili amweke binti yake. Nawe utakuwa umekaa juu ya uongo huo bila kujua.

Kwa hiyo leo mchana, ulipokuwa unapanga nguo, nimempigia Mama Akinyi. Sikukuuliza kwanza. Ningekuuliza, ungesema nisubiri, na ningetii haraka sana.

Nimemwambia kuhusu zile tano, asidi niliyoongeza, na lile nililomwambia kwenye simu. Hakunikatiza. Nilikuwa nasikia kuku huko kwake na mtu anapiga misumari. Mwishowe akasema, "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Miaka sita unakula omena yangu."

"Ndio."

Halafu akasema, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua, "Kesho lete mtoto. Na wewe ukuje. Nitaita Ouma. Funguo ya stoo nitaweka kwa meza. Yeye ndio atasema nani ataichukua."

Ndiyo hali ilivyo. Huenda ukarudi kesho jioni na mfuko wako wa chumvi haujafunguliwa. Najua nimekufanyia nini. Umeingoja kazi hii miaka miwili, na usiku wa mwisho baba yako anakuja kuitia shaka. Ukitaka kunikasirikia, hasira hiyo ni halali yako, wala sitakuambia uipunguze. Ouma akiichukua funguo, na ni haki yake, muulize kwa heshima kama anahitaji mtu wa kumsaidia. Sita si boti chache. Akikataa, turudi nyumbani, chai ipo, na nitakubeba kwa kila njia niliyo nayo mpaka upate nyingine. Akikupa wewe, msikilize yeye kabla ya kunisikiliza mimi. Alizitunza taa zile tangu wewe hujui kutembea.

Sikuambii usikosee. Utakosea. Iko siku utachoka, utakuta betri imekufa mikononi mwako, na utajua kabisa ni wewe. Siku hiyo piga simu, hata kama sauti inatetemeka, kabla kosa halijatafuta mtu mwingine wa kulibeba. Halikawii kumpata. Langu lilichukua siku mbili tu.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome kabla hatujatoka, usiisome tukiwa njiani. Ukitaka nitangulie peke yangu, uje baadaye, nigongee tu ukuta nitaelewa. Viatu vyangu nimeshavipiga rangi.

Mvua imekatika. Nakusikia pale barabarani ukimsalimia jirani, na unacheka. Wacha nifunge, usinikute na uso huu.

Ouma aliniuliza alikosea wapi, na amekaa na jibu langu la uongo miaka yote hii. Kesho, kabla hata sijapewa kiti, nitamwambia: hukukosea mahali popote, ndugu yangu. Ni mimi.

Baba yako